Dipoziti Kwanza: Jinsi ya Kulipwa Ukiwa Huna Mwajiri

Simama kando ya Gitanga Road kabla ya saa moja asubuhi utaona watu wanaoamsha Nairobi. Wanatoka Kawangware kwa miguu wakielekea Lavington na Kileleshwa. Mama fua amebeba mkoba mdogo wenye leso na malapa ya kufanyia kazi. Vijana wa mjengo wameweka buti kwenye mfuko, wanatembea haraka kwa sababu anayefika mapema ndiye huchukuliwa. Upande wa Kangemi ni vivyo hivyo: watu wanavuka Waiyaki Way kuingia Loresho, wengine wanaelekea Mountain View na Westlands. Wachache sana kati yao wamewahi kuandikiwa barua ya kuajiriwa. Wengine hata hawajui leo watamfanyia nani kazi.

Ukipanda matatu ukashuka tao, kwenye vyumba vya ghorofani vya River Road kuna kijana anayetengeneza mabango, mwingine anahariri video ya harusi, mwingine anatafuta mtu wa kumchapishia fulana hamsini. Kule Kilimani kuna dada ambaye analala wakati mama fua anaamka, maana mteja wake yuko Marekani na saa zao si saa zetu. Hao nao hawana mwajiri.

Kwenye vitabu wanaitwa wafanyakazi huru. Mtaani tunasema yuko kwa hustle, ni mtu wa vibarua, ni hasla. Takwimu za serikali kupitia KNBS zimekuwa zikionyesha jambo lile lile mwaka baada ya mwaka: ukiacha kilimo kidogo cha nyumbani, zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wanaofanya kazi Kenya wako katika sekta isiyo rasmi. Kwa hiyo tukizungumza kuhusu uchumi wa kisasa, tunazungumza kuhusu watu wasio na hati ya mshahara. Kampuni kubwa za Westlands zenyewe zinawategemea. Picha za matangazo, tafsiri, hesabu za mwisho wa mwaka, chakula cha mikutano, mara nyingi hiyo ni kazi ya mtu wa nje anayeitwa ikihitajika.

Sisi tunaopitisha pesa hizi tunaona kipande kidogo tu cha maisha hayo: ujumbe unaoingia kwenye simu. Lakini kuna swali ambalo wateja wetu wa aina hii wanatuuliza sana kuliko lile la ada au la salio: "Nimemaliza kazi, sasa mteja hachukui simu. Nifanye nini?" Jibu la ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya jibu huwa imeshaamuliwa kabla kazi haijaanza.

Fundi wa Dagoretti Corner hakopeshi mbao

Mafundi wa fanicha wa Ngong Road wanatoa somo ambalo wengi wenye laptopu hawajalisoma. Nenda uagize kitanda. Fundi atakuuliza saizi, atakuonyesha picha kwenye simu, mtavutana bei kidogo, halafu atakuambia: leta nusu. Wengine wanataka hata zaidi ya nusu. Hakuna anayeona ni matusi. Kila mtu anajua mbao hazinunuliwi kwa ahadi.

Sasa mwangalie mchoraji wa logo. Mteja anampigia, anamwambia "fanya haraka, pesa si shida". Mchoraji anakesha, anatuma kazi yote, halafu anaanza kusubiri. Wiki ya kwanza ni "bosi hajatia sahihi". Ya pili ni "niko nje ya Nairobi". Ya tatu meseji inasomwa haijibiwi. Tofauti yake na fundi ni moja: mbao zinaonekana, muda wake hauonekani, na yeye mwenyewe ameukubali uongo kwamba hakutumia kitu. Umetumia stima, bando, nauli ya kwenda kuonana na mteja, na siku mbili ambazo ungemfanyia mtu mwingine.

Dipoziti inakulipia gharama hizo. Pia inachuja. Mtu anayeshindwa kutoa elfu mbili leo hatapata elfu nane wiki ijayo. Lakini faida ambayo watu hawaifikirii ni hii: dipoziti ikitumwa kwa simu inaacha alama. Ujumbe una jina la aliyetuma, tarehe, saa, kiasi na nambari ya muamala. Siku mteja akisema "mimi simjui huyu", ujumbe huo unaonyesha kwamba alikujua vya kutosha kukutumia pesa. Ndiyo maana tunasema, hata kama mteja ni rafiki na amekuja na noti mkononi, mwambie akutumie kwa simu. Mpunguzie bei kwa kiasi cha ada ikibidi.

Pamoja na dipoziti, andika. Si lazima wakili. Meseji ya WhatsApp inatosha, kama hii:

"Nimekubali kukutengenezea logo 1 na mabango 2 kwa KSh 12,000. Unatuma 6,000 leo, na 6,000 nikikuonyesha kazi iliyokamilika, kabla ya Ijumaa tarehe 14. Mabadiliko ni mara 2, zaidi ya hapo ni KSh 1,000 kila moja. Ukikubali jibu SAWA halafu utume ya kwanza."

Angalia hilo neno "nikikuonyesha". Kazi ya kompyuta unaweza kuionyesha ikiwa na alama yako juu yake, au ikiwa ya ubora mdogo, na faili lenyewe litoke pesa ikiingia. Mpiga picha wa harusi anaweza kufanya hivyo hivyo. Mpishi wa sherehe hawezi, pilau ikishaliwa imeliwa, kwa hiyo yeye pesa yake yote inafaa kuingia kabla moto haujawashwa, au basi ibaki kidogo sana.

Kwa mama fua mambo ni tofauti. Kazi ya siku moja haina dipoziti. Hapo kinga ni kukubaliana bei kabla maji hayajawekwa kwenye beseni: ni nguo za siku moja au za wiki mbili, blanketi na zulia zimo au zina bei yake, na kupiga pasi ni kwa nani. Halafu pesa ziingie kabla hujatoka getini. "Nitakutumia jioni" ndiyo njia ambayo pesa nyingi za mama fua zimepotelea. Anayeajiri kwa siku asione aibu kuambiwa hivyo, na anayesema asione amekosa heshima. "Mama, naomba unitumie nikiwa hapa, nipitie kununua unga." Inatosha.

Pesa ya kazi isilale na pesa ya unga

M-PESA ilipoanza mwezi Machi 2007, watu wengi waliichukulia kama njia ya kutuma pesa nyumbani ushago. Leo simu ndiyo daftari la biashara, lakini wengi wetu bado tunachanganya kila kitu kwenye laini moja: malipo ya mteja, mchango wa matanga, pesa ya chama, nauli ambayo kaka ametuma. Mwisho wa mwezi ukiulizwa umepata ngapi, unakisia.

Tenganisha. Chukua nambari ya biashara au till, au kama biashara bado ni ndogo, laini ya pili ya kazi tu. Kila mteja alipie huko. Ukitaka pesa ya nyumbani, jitumie kutoka huko kama mtu anayejilipa mshahara. Kisha kila mwisho wa mwezi pakua taarifa ya akaunti uiweke kwenye baruapepe yako, usingoje mpaka uihitaji.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu mtu aliyeajiriwa akitaka kukodi nyumba Kinoo au kuchukua mkopo wa pikipiki, anatoa hati ya mshahara. Wewe utatoa nini? Taarifa ya miezi sita inayoonyesha pesa zikiingia kila wiki ndiyo hati yako. Mkopeshaji anaangalia mpangilio kuliko ukubwa. KSh 7,000 kila wiki kwa miezi sita inasomeka vizuri kuliko KSh 90,000 ya mara moja ambayo haijulikani ilitoka wapi. Na kama unakopa, linganisha. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ukiona programu ya simu inakutoza kiasi hicho kwa mwezi mmoja, hiyo siyo bei moja hata kama nambari zinafanana.

Jambo la ada lisisahaulike unapopanga bei. Kila ada ya kutuma au kutoa pesa ina ushuru wa serikali ndani yake, asilimia 15 ya ada hiyo tangu Julai 2023. Kwa malipo makubwa huhisi. Kwa mtu anayepokea mia tatu mia tatu na kutoa kwa wakala kila jioni, inakula. Afadhali kulipa dukani moja kwa moja kutoka kwenye simu, na kutoa pesa mkononi mara chache.

Mteja akiwa ng'ambo

Nairobi ilianza mapema. iHub ilifunguliwa 2010 pale Bishop Magua, Ngong Road, na vijana wengi wa teknolojia walipata meza na intaneti yao ya kwanza ya uhakika hapo. Mwaka 2016 serikali ikaanzisha Ajira Digital kufundisha vijana kazi za mtandaoni. Aprili 2018 ikawezekana kutoa pesa za PayPal kuja M-PESA, na kwa mara ya kwanza mtu wa Riruta angeweza kulipwa na mteja wa London na kununua mboga kwa pesa hiyo bila kukanyaga benki.

Lakini dola ina tabia zake. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Mtu aliyekuwa akilipwa dola 500 kwa mwezi alitoka KSh 80,000 akafika KSh 64,500, akifanya kazi ile ile kwa saa zile zile, na landilodi hakupunguza kitu. Kama kodi ya nyumba na karo yako ni ya shilingi, panga bajeti kwa kiwango cha chini, kinachozidi kiwe akiba.

Na jukwaa lenyewe linaweza kuondoka. Machi 2024 Remotasks, ambako Wakenya wengi walikuwa wakifanya kazi ya kuandaa data za akili bandia, ilifunga huduma zake hapa nchini, na habari ikaja kwa baruapepe. Akaunti ikifungwa, historia yako ya mapato inaweza kufungwa nayo. Ndiyo maana tunarudia lile la kupakua taarifa kila mwezi, hata za huko mtandaoni. Pia usiache pesa zikirundikana kwenye akaunti ya jukwaa kana kwamba ni benki yako.

KRA, SHA na uzee

Tupite hapa haraka, ingawa wengi wanapitia hapa kwa kuumia. Tangu Januari 2024 kampuni haiwezi kuhesabu gharama kwenye kodi yake bila ankara ya eTIMS. Ndiyo sababu mteja wa Westlands anakwambia "bila eTIMS hatulipi". Hakuchukii. Jisajili, kuna njia ya bure kwa watu wadogo inayofanya kazi hata kwenye simu. Kampuni ikikukata asilimia 5 kama kodi ya huduma ya kitaalamu, hiyo pesa imeandikwa kwa jina lako kwenye iTax na unaidai unapojaza ritani kabla ya Juni 30. Sasa yule jamaa wa saiba anayekujazia "nil" kila mwaka kwa shilingi mia mbili anakuharibia mara mbili: anasema hukupata kitu wakati KRA inaona ulikatwa, na anatupa haki yako ya kuhesabiwa kilichokatwa. Fundi au mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya zaidi ya KSh milioni 1 kwa mwaka naye aulize kuhusu kodi ya mauzo, ambayo ni asilimia 3.

Afya: kwa asiye na mshahara, SHA hupiga hesabu ya mapato ya nyumba nzima, mchango haupungui KSh 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima. Kiasi hicho ukikisubiri kwa mpigo kitakushinda, ukikiweka kando kila wiki hakikuumizi. Ya uzeeni kuna Haba Haba ya NSSF, ambayo unaanza na KSh 25 kwa siku, na Mbao ambayo imekuwepo tangu 2011. Jina lenyewe linasema bei: mbao ya mtaani ni shilingi ishirini.

Ujumbe umeingia, pesa je?

Kabla ya kumkabidhi mteja kazi, angalia salio. Usiangalie ujumbe pekee. Ujumbe feki unatengenezwa ukafanana na wa kweli hadi nukta, lakini hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, na salio lako halisogei. Skrinshoti ya mteja nayo si malipo.

Kuna wanaolipa kweli, wakapata kazi, halafu wakaomba pesa zirudishwe wakidai walituma kimakosa. Ukipata taarifa ya ombi kama hilo, usiipuuze. Jibu upesi kupitia huduma kwa wateja, ueleze ni malipo ya kazi gani, na uonyeshe yale makubaliano ya WhatsApp. Mtu asiyejulikana akikupigia mwenyewe akilia kwamba alikosea nambari, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie afuate utaratibu wa kampuni aliyotumia.

Mteja akikataa kabisa kulipa

Kwanza jiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: wewe kweli ni mfanyakazi huru? Kuna watu wanafika Kilimani kila siku saa mbili, wanatoka saa kumi na moja, wanaomba ruhusa wakitaka kwenda hospitali, wamefanya hivyo mwaka mzima, na bosi anasema "wewe ni freelancer tu". Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi au zaidi, anaweza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa kawaida mwenye haki za notisi na mapumziko. Jina alilokupa bosi halimalizi mjadala. Kama wewe ni mwajiriwa, lalamiko lako linaanzia kwa afisa wa leba na linaishia kwenye mahakama za ajira.

Kama ulikuwa mtu wa nje aliyekubaliana kufanya kazi fulani kwa bei fulani, mlango wako ni mwingine: Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, na ile ya Milimani ilianza kazi Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, yakiwemo ya bidhaa na huduma zilizotolewa bila kulipwa. Sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, unaweza kujisemea. Na mahakama hiyo haifungwi sana na zile kanuni ngumu za ushahidi ambazo hufanya watu waogope korti. Zingatia lakini kwamba haisikilizi kesi za ajira, ndiyo maana lile swali la kwanza ni muhimu. Ukikosea mlango unapoteza miezi.

Kabla hujaenda, mwandikie mteja barua ya kudai. Iwe fupi: nilifanya kazi hii, nikakukabidhi tarehe hii, ulilipa kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, nakupa siku 14. Tuma kwa WhatsApp na kwa baruapepe. Usitukane. Usimpost kwenye Facebook na picha yake. Hasira hiyo inaweza kugeuka kesi yake dhidi yako. Utashangaa ni wangapi wanalipa wakiona maneno "Madai Madogo" na tarehe. Kampuni hasa haitaki jina lake lisomwe kortini kwa sababu ya KSh 18,000 za mpiga picha.

Asipolipa, kusanya vitu vyako. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute, na usiuze hiyo simu. Kazi yenyewe, ikiwa na tarehe uliyoituma. Barua ya kudai. Na taarifa ya akaunti inayoonyesha dipoziti yake ikiingia. Kama taarifa ni ya zamani na hukuipakua, iombe kwetu mapema, usije siku moja kabla ya kesi. Deni la mkataba unaweza kulidai mahakamani hadi miaka sita tangu liliposhindwa kulipwa, lakini mteja anaweza kuhama, kampuni inaweza kufungwa, na hata nambari aliyokupigia inaweza kuwa ya mtu mwingine.